Kofia ya Baba Mkwe Kwenye Maporomoko

Mmekuja tena na simu zenu. Wiki iliyopita walikuja wenzenu, leo ni zamu yenu, na swali ni lile lile: Babu, maporomoko yanapigwaje picha mpaka maji yawe laini vile? Haya, kaeni. Wewe uliyevaa kofia kinyumenyume, shuka kwenye hilo kabati la dawa, halikutengenezwa kwa ajili ya makalio. Nitawaambia, lakini kwa njia yangu, na njia yangu ina kona nyingi kuliko barabara ya Ikonge. Atakayechoka aende akapige picha migomba. Ile imetulia na haina maneno mengi.

Kwanza mjue kwa nini mpiga picha akiona maporomoko huwa kama ng'ombe aliyenusa chumvi. Ni kwa sababu wiki nzima anapiga watu, na watu wana maneno. Studio yetu ilikuwa mjini Kisii, na mteja wa miaka ya sitini hakuwa mtu wa mchezo. Alikuja amevaa kila alichonacho: saa mkononi, kalamu mfukoni, redio kwapani, soksi amezivuta mpaka magotini. Ukimkatia kitu kimoja kisionekane, umemkosea yeye na ukoo wake. Maji hayana hayo. Hayana kaka aliyeyaazima koti na anataka koti lake lionekane lote. Unasimamisha stendi yako ya miguu mitatu, unainama, na hakuna anayekuuliza kama pua yake itatoka hivyo hivyo ilivyo.

Mke wangu Kemunto, huyo mliyempita hapo nje akichambua mboga za saga, nilimpata kwa makosa ya namna hiyo. Alikuwa fundi wa kushona sokoni Ikonge. Alikuja studio amejipamba, nami nikampiga kichwa na mabega, nikijiona fundi mkubwa. Alipokuja kuchukua picha yake aliibamiza mezani.

"Hiki ni nini?"

"Ni wewe, dada."

"Mimi nina miguu. Viatu nilivyokuja kuvipiga picha viko wapi?"

"Hii ni picha ya uso. Uso ndio mtu."

"Basi ungeniambia mapema," akasema, "ningekuletea uso, miguu ikabaki Ikonge inafanya kazi."

Yaaye! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikampiga nyingine bure, miguu yote miwili ndani. Halafu nikampiga nyingine, na nyingine, hadi mwalimu wangu akaniambia filamu inakwisha na posa haijapelekwa.

Mwalimu wangu huyo aliitwa Fundi Rajabu. Alikuwa mtu wa pwani aliyekuja Kisii kutembea akakolea kama chumvi kwenye mboga. Kiswahili hiki mnachosikia ni chake. Cha shule nilikiacha huko huko shuleni. Nyumbani tulizungumza Kigusii, na hata haya nitakayowasimulia yalisemwa kwa Kigusii, lakini nawaletea kwa lugha ya Fundi ili nanyi mliozaliwa Nairobi mpate kitu.

Mara ya kwanza nilipokwenda kupiga maporomoko peke yangu, nilifyatua haraka haraka. Maji yakatokea yamekatika vipande vipande, kama mtu amemwaga gunia la mahindi. Fundi Rajabu akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Hebu niambie, Ongeri. Maji haya yamekukosea nini mpaka uyakamate?"

"Si nimeyapiga picha, Fundi?"

"Umeyafunga pingu. Maji hayakamatwi. Yafungulie lenzi, yaache yapite weee mpaka yachoke. Picha yenyewe itajua la kufanya."

Ndipo akanifundisha. Nenda siku ya mawingu; jua la saa sita huchoma maji yakawa chokaa. Usiende mvua imetoka kunyesha, maana mto wa huku ukishiba mvua ni uji wa wimbi, yaani ulezi. Usisimamishe stendi kwenye matope, itafutie mawe bapa. Beba mtu mwenye mwavuli akukinge manyunyu, na lenzi usiifute kwa shati. Halafu bana tundu la lenzi liwe dogo kabisa, weka kioo cha kijani mbele yake kupunguza mwanga, fungua, na usiguse kitu. Sisi hatukuwa na hizo namba zenu za kuandikwa kwenye kioo. Fundi Rajabu alikuwa Mwislamu, alipima muda kwa Alhamdu. Mimi Mkatoliki wa Keumbu nikapima kwa Baba Yetu. Bonde lenye mwanga ni hadi "jina lako litukuzwe". Bonde lenye kivuli ni hadi "mkate wetu wa kila siku". Jioni yenye mawingu ni sala nzima hadi amina, na mbu nao huwa wamekwisha kupata mkate wao.

Mnaandika? Andikeni, ila mbu muwaache.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kufungua lenzi muda mrefu, na hili mlishike kwa sababu ndilo lililonioza mke. Kinachotulia huonekana. Kinachosogea hufutika. Niliwahi kuipiga kwaya ya kanisa mbele ya maporomoko, wanakwaya wote wakatokea vizuri, ila mwalimu wa kwaya hakuwa na mikono. Alikuwa anawapigia mdundo. Alinijia juu hadi mate yakanirukia, na mikono aliyosema sikumpiga alikuwa anaitumia kunitishia pua. Wengine waliyalalamikia maji yenyewe. Mteja mmoja aliniuliza nani ameanika shuka kwenye mawe. Mwingine akasema, "Nilikutuma mto, umeniletea maziwa lala." Kwa kweli, watu wetu hawakuyapenda maji laini hata kidogo. Tuliyapenda mimi na Fundi peke yetu, tukifarijiana.

Basi, nikataka kumwoa Kemunto. Kemunto alitaka. Mama yake alitaka. Aliyebaki alikuwa baba yake, Mzee Ombati, mzee wa kanisa la Sabato, mtu mrefu mwenye kofia ya rangi ya kahawia ambayo hakuivua ila kwa Mungu. Alilima majani chai mlima mzima na hakuwahi kuyaonja, kwa ajili ya imani yake. Shangazi yangu Bosibori ndiye aliyekuwa mshenga, esigani kwa Kigusii, na ulimi wake ulikuwa umeshaoza wasichana wengi. Alirudi kutoka Ikonge amechoka.

"Mzee hataki," akaniambia. "Anasema mtoto wake hataolewa na Mkatoliki anayeinamia sanduku la picha. Kuna karani wa kituo cha chai, amepeleka maneno pia. Mzee anasema karani angalau anapima kitu unachoweza kukibeba."

Nilikosa usingizi. Aliyeniokoa ni Kemunto mwenyewe. Alijua udhaifu wa baba yake, nao ulikuwa maporomoko. Chini ya shamba lao kulikuwa na maporomoko, na Mzee Ombati aliyasifia kila mahali, hata kwenye mazishi. Mbaya wake katika hili alikuwa rafiki yake kipenzi, Mzee Makori wa Nyakoe, aliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Makori naye alikuwa na maporomoko yake. Hakuna aliyewahi kukubali kwenda kutazama ya mwenzake, kila mmoja akiogopa kushindwa. Makori alikuwa akisema sokoni, "Maporomoko ya Ombati? Ni bati la nyumba linalovuja." Mzee Ombati alikuwa analala nalo hilo.

"Mpelekee picha," Kemunto akaniambia. "Maji yakiwa marefu, na yeye amesimama kando yake ili ukubwa uonekane. Akiishinda Nyakoe, atakupa hata mimi."

"Hata wewe?"

"Nami nitakuwa nyongeza," akasema.

Mzee akakubali bila hata kukohoa. Sharti lake lilikuwa moja: picha ikimridhisha, maneno ya ng'ombe yaanze, isipomridhisha, karani aitwe.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa yamelala vizuri. Nilishuka bondeni na Shangazi Bosibori, yeye na mwavuli, mimi na stendi begani. Mzee alitangulia katika kofia yake na suruali mpya ya khaki aliyoshonewa na Kemunto, pana kama mtindo ulivyotaka. Mkanda hakuwa nao, alikuwa amemfungia nao ndama. Suruali ilishikiliwa kiunoni na tai ya kanisani. Nilipoiona ile tai nilitaka kusema neno, lakini mkwe hana mdomo kwa baba mkwe.

Na maporomoko, jamani! Mzee hakuwa mwongo. Maji yaliruka kutoka juu kabisa, yakapiga jiwe la katikati, yakagawanyika, yakaingia kwenye kidimbwi cheusi. Nilisahau kwamba nimekuja kuposa. Nilisahau karani. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo ninaowaambia.

Nikamsimamisha Mzee kwenye jiwe bapa kando ya kidimbwi. Kusemezana hakukuwezekana, maji yalikuwa yananguruma, kwa hiyo nilimwonyesha kwa mikono: simama, tulia, usitikisike. Akaitikia kwa kichwa. Kamera yangu ilikuwa ile ya macho mawili. Jicho la chini hupiga, la juu hukuonyesha, nawe unatazamia kioo kilicho juu ya sanduku. Maana yake, mpiga picha hutazama chini. Nikafungua lenzi kwa waya wake, nikainamisha kichwa, nikaanza.

"Baba yetu uliye mbinguni..."

Sasa nyinyi simameni pale alipokuwa Mzee. Anamwona kijana wa Kikatoliki, aliyeambiwa hana dini ya maana, ameinamisha kichwa mbele ya kazi ya mikono ya Mungu, na midomo inatembea. Mzee wa kanisa atafanya nini? Alifanya alichofanya maisha yake yote. Alivua kofia, akaiweka juu ya jiwe kwa heshima, akafumba macho. Na kwa kuwa kwao sala haisaliwi wima, akapiga magoti.

Alipiga magoti kwenye jiwe lenye utelezi. Nilikuwa kwenye "ufalme wako ufike" alipoondoka.

Alizama mzima, akaibuka, akaserereka hadi chini ya maporomoko yenyewe, na ule uzito wa maji ukaikuta tai. Tai ya kanisani si ya kazi hiyo. Suruali ikashuka na mto kuelekea kwa majirani. Mzee akasimama, maji yakimfikia chini ya magoti, akajitazama, akaelewa, na kwa mshtuko akaganda pale pale wima bila kutikisika. Ndiyo mara pekee siku hiyo aliyotulia nilivyomwelekeza.

Mtaniuliza: wewe, Babu, uliyaonaje hayo? Subirini kwanza. Nyinyi mnakaa sebule moja na baba zenu mmevaa kaptura mnatazama mpira. Zamani zetu kulikuwa na ensoni, ile haya na heshima iliyo kati ya mzazi na mtoto, na kwa mkwe ndiyo iliyokolea kabisa. Kijana hamwoni baba mkwe akiwa uchi. Akimwona, ndoa imekufa kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Kwa hiyo jibu langu la siku ile ndilo la leo: mimi nilikuwa natazama chini. Kioo ndicho kilichoona.

Haya mengine nimesimuliwa na Shangazi Bosibori, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa mkono wenye vidole vilivyoachana. Ndiye aliyemrushia Mzee mwavuli. Mzee akapanda kilima katikati ya majani chai amevaa mwavuli kiunoni, akitembea kwa kuzunguka zunguka kulingana na alikosimama mchumaji. Mimi bado nilikuwa nimeshika waya. Kidole kilikuwa kimeganda. Niliposhtuka na kuuachia, nilikuwa nimeshapita "utuopoe maovuni" na kuanza upya.

Jioni hiyo Shangazi aliitwa peke yake. Alirudi na maneno ya Mzee.

"Mzee anasema hivi. Kama kile kisanduku kimemwona, basi na wewe umemwona, na mambo ya Kemunto yameisha. Kama hakijamwona, hujamwona. Lakini picha hiyo usiiangalie wewe, wala asiiangalie mtoto wake, wala mgeni yeyote. Iangaliwe na mtu wa rika lake ambaye hana cha kumficha."

"Nani huyo?"

Shangazi akashusha pumzi. "Makori wa Nyakoe."

Nikasema kimoyomoyo, Ongeri, umekwisha. Mtu ambaye Ombati amemtesa kwa maporomoko miaka yote, leo anapewa fimbo na mgongo!

Tukakutana studio, mjini. Fundi Rajabu alikuwa amesharudi kwao pwani wakati huo, akaniachia chumba cha giza. Mzee Ombati alikaa kwenye kiti cha wateja akakigeuza, akaipa kamera mgongo. Kemunto alisimama nje ya mlango wa chumba cha giza, Shangazi Bosibori kando yake. Ndani tuliingia mimi na Mzee Makori, mfupi, mnene, mwenye bakora, amefurahi kama mtoto wa sikukuu.

"Geukia ukuta," akaniamuru. Nikageukia ukuta.

Nawaambia, vijana, nimesafisha picha katika kila hali, lakini kusafisha picha nikiwa nimetazama ukuta ni siku ile tu. Negativu, ile filamu niliyokwisha kuisafisha gizani, niliiingiza kwenye mashine ya kukuzia picha kwa kupapasa. Nikawasha taa ya mashine, macho ukutani.

"Mzee, niambie, mawe yana kingo?"

"Mawe gani?"

"Unayoyaona hapo chini."

"Yana manyoya."

Nikazungusha kipini cha kunolea picha. "Sasa?"

"Manyoya zaidi."

Nikazungusha upande mwingine. "Sasa?"

"Ahaa! Sasa ni mawe."

Nikaizima ile taa, ikabaki nyekundu. Nikaweka karatasi, nikaimulika, nikaitia kwenye trei ya dawa, yote kwa mkono wa nyuma, naye Makori akainama juu yake. Hakuwahi kuona picha ikizaliwa. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Yaaye! Inakuja! Mawe haya. Mti huu. Lo, maji... Kijana, maji haya umeyachana kwa kitana?"

Kemunto akagonga mlango. "Yupo?"

"Usifungue!" tukapiga kelele wote wawili.

"Naiona kofia," Makori akasema. "Kofia ya Ombati, iko juu ya jiwe, kila mshono naiona."

"Na mwenye kofia?"

Nilisikia bakora yake ikigusa meza. Nje nilimsikia Kemunto akianza kulia, kilio kile cha mtu anayejizuia, nami nikaweka paji la uso kwenye ukuta na kusali, safari hii si kwa kupima muda.

"Kuna ukungu hapa kando," Makori akasema polepole. Halafu akanyanyua sauti ifike hadi kwa mwenzake aliyekaa studio. "Kofia ipo. Mwenye kofia hayupo!"

Sijui nilitokaje mle ndani. Nakumbuka Kemunto amenishika shati, nakumbuka Shangazi Bosibori akipiga vigelegele mpaka wapita njia wakaingia wakidhani ni harusi. Na nakumbuka Mzee Ombati ameishika picha mbichi inadondosha maji, ameikunjia uso.

"Mimi niko wapi?"

"Tata," Kemunto akamwambia baba yake, "si ulitaka usionekane?"

"Nilitaka nisionekane vibaya. Nilisimama pale vizuri kabla ya kuanguka. Hata bega moja hakuna?"

Nikajua watu wa ukoo ule hawachezewi viungo vyao. Lakini Mzee Makori akaichukua ile picha, akaielekeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ombati," akasema, "nimeshindwa. Yangu si marefu hivi. Na hayana maji ya namna hii."

Mzee Ombati akakaa. Nadhani neno hilo alikuwa amelingoja tangu jando. Wiki iliyofuata maneno ya ng'ombe yakaanza, na karani wa chai akaoa kwingine, akapima watoto wake mwenyewe.

Picha ile ikatundikwa sebuleni Ikonge. Ghafla maji laini yakawa mazuri! Waliokuwa wakiniambia maziwa lala sasa walinifuata wakitaka maporomoko kama ya Mzee Ombati, harusi kwa harusi, na nilichowaomba ni wafunge mikanda na wasisali hadi niwaambie. Mzee mwenyewe hakukubali tena kupigwa. Ukimwelekezea kamera alisema, "Mimi nilishapigwa, iko ukutani." Mgeni akiuliza yuko wapi, alionyesha kofia. "Hiyo ni yangu. Mimi nilikuwa nimetoka kidogo."

Mzee Makori naye, kila akija kutoka Nyakoe, alisimama mbele ya ile picha hata kabla ya kupewa kiti, akacheka peke yake hadi mabega yakatikisika. "Maji mazuri haya," alikuwa akisema. Tukasema, tazama mtu aliyekubali kushindwa kwa moyo mweupe.

Miaka ikaenda, Mzee Ombati akafariki amekula chumvi nyingi. Siku ya kumzika ikatakiwa picha ya kuweka juu ya jeneza, na haikuwepo. Ya kitambulisho ilikuwa imeliwa na mende. Nililia, siwafichi. Nimepiga harusi na ubatizo wa watu toka Keumbu hadi Nyamira, na baba mkwe wangu sina hata moja! Kemunto aliishusha ile ya ukutani, akaifuta vumbi kwa leso, akaiweka juu ya jeneza, maji na kofia.

Mzee Makori alikuwa bado hai, anashikwa mkono pande zote mbili. Alipofika mbele ya jeneza akaitazama picha, akaanza kucheka. Watu wakaguna. Akaendelea kucheka na machozi yanamtoka, halafu kicheko kikaisha yakabaki machozi. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Mimi wakati huo nilikuwa nina mvi.

"Kijana."

"Naam, Mzee."

"Huu ukungu kando ya kofia. Ulishawahi kuutazama vizuri?"

"Hapana, Mzee. Nilikatazwa."

"Usiutazame. Una magoti."

"Ulimwona?"

"Kuanzia magoti kwenda juu. Alitulia vizuri, ulimpiga vizuri."

"Na ukasema hayupo!"

"Msichana alikuwa analia mlangoni, ningesema nini? Halafu maporomoko yake yalikuwa makubwa kuliko yangu kweli. Alinisimanga nayo maisha yake yote. Sasa mimi nikaona, acha anishinde kwa maji. Miaka hii yote nimekuja kwake, nimekunywa uji wake, nikimtazama akiwa uchi kwenye ukuta wake mwenyewe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nitacheka na nani sasa, Ongeri?"

Akavua kofia yake, akaiweka kifuani, akawageukia waombolezaji kwa sauti yote iliyobaki. "Ni yeye huyu," akawaambia. "Pisheni watu wamwone." Watu wakapita mmoja mmoja, wakaiona kofia, wakainamisha vichwa.

Hiyo ndiyo picha iliyo nyuma yenu, kwenye fremu nyeusi. Tangu Kemunto alipoirithi, naifuta vumbi kila Ijumaa nikiwa nimegeuza uso. Ipigeni na simu zenu, si vibaya, mjifunze jinsi maji yanavyoachwa yapite. Lakini wewe wa kofia ya kinyumenyume, nimeona vidole vyako viwili viko tayari juu ya kioo. Pale kwenye ukungu usikuze. Mimi bado ni mkwe. Ngoja kwanza nitoke nje.